Nani Alilipia Msingi wa Nairobi

Anayetafuta ploti ya futi 50 kwa 100 viungani mwa Nairobi huona upesi kwamba akielekea mashariki na kusini, yaani Kitengela, Joska, Kamulu na kwingineko kwenye mbuga za Athi, pesa zake zinanunua ardhi kubwa zaidi. Dalali ana maelezo tayari: ni mbali na mjini, lami haijafika, maji yanaletwa na boza. Yote hayo ni kweli. Kuna sababu nyingine ambayo haiandikwi kwenye mabango, nayo imelala sentimita chache chini ya nyasi: udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Hoja ya makala hii ni kwamba udongo huo haukuwafikia wakazi wa sasa kwa bahati mbaya. Mji uliwekwa pembeni mwake na shirika la reli lililojali treni kuliko nyumba, kisha watu wakagawiwa maeneo kwa rangi, na gharama ya kuushinda udongo ikaangukia wale wenye uwezo mdogo kuliko wote. Soko la ardhi la leo linaendeleza mgawanyo huo, ingawa hakuna tena sheria inayolilazimisha.

Tuanze na ardhi yenyewe, kwa sababu bila hiyo historia haieleweki. Nairobi imekaa mahali ambapo nchi mbili za kijiolojia zinakutana. Magharibi na kaskazini kuna migongo ya vilima iliyofunikwa na udongo mwekundu, wenye kina, uliotokana na miamba ya volkano iliyooza taratibu. Maji hupenya ndani yake na kuondoka, na jengo la kawaida hukaa juu yake bila fujo. Mashariki na kusini nchi inalala tambarare juu ya lava ngumu iitwayo fonolaiti. Hapo maji hayana pa kwenda, na katika karne nyingi za kutuama na kukauka umezaliwa mfinyanzi mweusi wenye madini ya jamii ya smektaiti. Madini hayo yamejengwa kwa tabaka nyembamba mno, na maji yakiingia kati ya tabaka udongo mzima unavimba; yakitoka, unasinyaa. Nairobi ina misimu miwili ya mvua, masika na vuli, kwa hiyo zoezi hilo hurudiwa mara mbili kila mwaka. Chini ya katikati ya nyumba unyevu haubadiliki sana, lakini kingoni udongo unaloa na kukauka pamoja na majira. Kona zinapanda na kushuka, katikati pametulia, na ukuta unaamua ugomvi huo kwa ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha.

Kabla ya reli, mstari kati ya udongo mwekundu na mweusi ulikuwa pia mstari kati ya namna mbili za kuishi. Wakikuyu walilima na kujenga kwenye migongo ya vilima. Wamaasai walilisha mifugo tambarare na kuinywesha kwenye mito, wakihama kulingana na malisho, na makazi yao hayakuhitaji msingi wa kudumu. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Mombasa na Pangani, waliokuwa wakipita kuelekea bara kutafuta pembe za ndovu, ilipumzika na kununua chakula upande wa Ngong, penye msitu na wakulima. Hata kampuni ya Kiingereza iliyotangulia serikali ya kikoloni, ilipohitaji ngome mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilijenga Dagoretti, kisha Fort Smith huko Kabete. Katika orodha hiyo yote hakuna aliyetaka kuweka kitu kizito cha kudumu kwenye kinamasi cha bonde la Nairobi. Sidai kwamba waliukwepa udongo mweusi kwa kuogopa nyufa. Walikwenda penye chakula, kuni na ulinzi. Lakini vitu hivyo vilipatikana palepale penye udongo mzuri, na uamuzi wao ukawa wa busara hata kwa mambo ambayo hawakuwa wakiyapima.

Reli ilikuwa na mahesabu mengine. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, na tarehe 30 Mei 1899 mataruma yakafika Nairobi, takriban maili 327 kutoka baharini. Mbele yao kulikuwa na mpando mkali kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Kabla ya kupanda ilibidi pawe na uwanja mpana wa kupangia mabehewa, karakana, ghala na maji ya injini. Kwa kazi hiyo hakuna mahali bora kuliko tambarare, na tambarare ya mwisho kabla ya mlima ilikuwa ile ya udongo mweusi. Makao makuu ya reli yalihamishiwa hapo kutoka Mombasa, na mwaka huohuo ofisa wa utawala John Ainsworth akaleta ofisi za mkoa kutoka Machakos. Majengo ya mwanzo yalikuwa ya mbao na mabati, mengi yameinuliwa juu ya nguzo fupi. Nyumba ya aina hiyo haioni shida sana na udongo unaopumua: nguzo moja ikizama kidogo, seremala anachomeka kipande cha ubao na maisha yanaendelea. Kwa hiyo miaka ile ya kwanza haikumfundisha mtu yeyote jambo lolote kuhusu ardhi aliyosimama juu yake, isipokuwa tope lililonasa magurudumu ya mikokoteni katikati ya barabara.

Msomaji anaweza kupinga hapa kwamba tunawahukumu watu wa 1899 kwa elimu ya baadaye. Ni pingamizi la haki. Kitabu cha Karl Terzaghi kilichoweka misingi ya sayansi ya umekanika wa udongo kilitoka mwaka 1925, na kipimo cha kushindilia udongo kinachotumika duniani kote hadi leo kilielezwa na Ralph Proctor, mhandisi wa mabwawa wa California, mwaka 1933. Whitehouse hakuwa na maabara ya kumwambia mfinyanzi utavimba kiasi gani. Hata hivyo hakuhitaji maabara kujua kwamba maji hayaondoki, na suala hilo halikunyamaziwa. Tauni ilipoingia mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto, na madaktari wa serikali wakapendekeza mji uhamishiwe penye mteremko na udongo unaopitisha maji. Pendekezo lilirudi tena miaka michache baadaye. Winston Churchill, aliyepita hapo mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliandika kwamba mahali penyewe hapakufaa, ila muda wa kubadilisha ulikuwa umekwisha. Madaktari walikuwa wakizungumzia magonjwa, wala hawakutaja misingi. Lakini maji yaliyowatia wasiwasi ndiyo hayahaya yanayopasua kuta. Walioamua mji ubaki walikuwa wamesikia ushauri wa kutosha, wakaona kwamba karakana zilizokwisha kujengwa zina thamani zaidi kuliko miji ya baadaye.

Ainsworth, kwa upande wake, alipanda mikaratusi ili kukausha kinamasi. Hatua hiyo ilisaidia mji kukauka na kuupa kivuli, lakini mti unaokunywa maji mengi ni jirani mgumu kwa nyumba iliyo juu ya mfinyanzi: unausinyaza udongo upande mmoja wa jengo, na siku ukikatwa, udongo unaanza kuvimba upya.

Sasa tufike kwenye mgawanyo. Tangu siku za kwanza maofisa wakubwa wa reli walikaa kilimani, na wafanyakazi wa chini wakakaa tambarare karibu na stesheni. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyeletwa kuchunguza mwaka 1913, alipendekeza maeneo ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe kwa hoja ya usafi. Tangazo la Devonshire la mwaka 1923 lilikataa utengano wa kisheria kati ya Wazungu na Wahindi mijini, lakini masharti ya kibaguzi katika hati za nyumba yalifanya kazi iliyoachwa na sheria. Waafrika walisukumwa mashariki: Pumwani ikapangwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ili kukusanya vijiji vilivyokuwa vimetapakaa, kisha zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho. Ukiweka ramani ya mitaa hiyo juu ya ramani ya udongo, utaona kwamba migongo myekundu iliyoinuka ya magharibi iliishia mikononi mwa Wazungu kwa sehemu kubwa sana, na tambarare ya mashariki ikawa ya Waafrika.

Je, udongo ndio ulikuwa nia? Hapana, na anayedai hivyo anavuka ushahidi. Kilichotafutwa magharibi kilikuwa hewa baridi, mandhari, na umbali na watu wengine. Tena mgawanyo haukuwa safi: eneo la viwanda na reli yenyewe vilikaa kwenye tambarare, na Waasia wengi waliojenga upande wa kusini walipambana na mfinyanzi uleule. Lakini nia na matokeo ni vitu viwili. Mtu anaweza kugawa ardhi kwa sababu ya mandhari na bado akawa amegawa pia bei ya msingi.

Pumwani inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, maana ndiyo inayoonyesha jinsi umiliki unavyoingia hadi kwenye kina cha msingi. Huko mwenye nyumba aliruhusiwa kujenga mwenyewe, lakini ardhi ilibaki ya manispaa. Wengi walijenga nyumba ya Kiswahili kama ile ya pwani: korido katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, kuta za miti na udongo, paa la mabati au la madebe yaliyopasuliwa. Maofisa walizitazama nyumba hizo kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui kujenga. Kihandisi, mambo ni kinyume. Ukuta wa miti iliyofungwa na kukandikwa udongo hujipinda kidogo bila kuanguka. Ufa ukitokea baada ya kiangazi, unakandikwa tena na gharama ni nguvu ya mikono. Kwenye ardhi inayopanda na kushuka, na kwa mtu anayeweza kuamriwa kuondoka, hilo lilikuwa chaguo la akili kuliko mawe. Na amri ya kuondoka haikuwa tishio tupu: kijiji cha Pangani cha hapa Nairobi, ambacho wenyeji wake wengi walikuwa Waislamu wenye nyumba zao, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Nani angechimba mita mbili, aondoe mfinyanzi wote na kujaza mawe, chini ya nyumba ambayo kesho si yake? Msingi hauwezi kubebwa. Mabati yanaweza, milango inaweza, hata nguzo zinaweza. Kwa hiyo vizazi viwili hivi vya wenye nyumba Waafrika wa Nairobi walifundishwa na sheria kuweka pesa juu ya ardhi, wasiziweke chini yake.

Nyumba zilizojengwa na manispaa na reli zilikuwa imara zaidi, na nyingi zilikuwa za ghorofa moja au mbili, uzito wa wastani, zenye nafasi kubwa katikati. Mpango mkuu wa mwaka 1948 ulizipanga kama vitongoji vyenye shule na viwanja. Hizo hazina kisa kikubwa kwa hoja hii, ila kwamba mwenye nyumba wake alikuwa taasisi, na taasisi ndiyo iliyolipa msingi.

Mambo yalibadilika baada ya uhuru, pale gharama ilipohamishiwa tena kwa mtu binafsi. Mradi wa Dandora, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975, ulitoa ploti karibu 6,000 zenye maji, mfereji wa maji taka na choo, na kumwachia aliyegawiwa ajenge vyumba kadiri mfuko unavyoruhusu. Wazo lilikuwa zuri na lilimpa maskini mahali pa kuanzia. Ila kujenga kidogo kidogo kuna mtego wake: msingi ndio unaotangulia, wakati mwenye nyumba ana pesa kidogo kuliko wakati wowote mwingine. Msingi uliochimbwa kwa vyumba viwili ulikuja kuombwa ubebe ghorofa, kwa sababu wapangaji waliongezeka na ardhi haikuongezeka. Mtindo huohuo ulienea kwenye mashamba yaliyokatwakatwa na makampuni ya kununua ardhi kote mashariki mwa jiji, safari hii bila mhandisi wa mradi kupita akikagua. Sheria ndogo za ujenzi za mwaka 1968, zilizorithi fikra za Kiingereza, ziliendelea kutumika kwa zaidi ya nusu karne, na hazikuwa na meno mbele ya mwenye jengo mwenye haraka.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote. Majengo yanayoua watu Nairobi, mtu atasema, hayaangushwi na udongo mweusi. Lile la Huruma lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, na kuua watu takriban 50, lilikuwa kando ya mto na halikuwa na idhini. Mengine huanguka kwa zege hafifu, nondo chache na ghorofa za nyongeza. Nakubali. Tena nitaongeza jambo linaloonekana kuidhoofisha hoja yangu zaidi: mfinyanzi unaovimba huisumbua nyumba nyepesi kuliko ghorofa. Jengo zito linaugandamiza udongo, na kwa kawaida mhandisi wake hupeleka nguzo hadi kwenye mwamba, ambao Nairobi mara nyingi hauko mbali. Anayepasukiwa kuta ni mstaafu aliyejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa kiinua mgongo chake. Lakini mimi sikusema udongo unaua. Nimesema unadai gharama, na gharama hiyo iko mahali ambapo mpangaji haoni, mnunuzi haoni, na mkaguzi huona siku moja tu kabla haijafukiwa. Mjenzi aliyezoea kupunguza pasipoonekana chini hupunguza pia ndani ya nguzo. Huruma na ufa wa mstaafu vimetoka kwenye mazoea yaleyale, ingawa kimoja kinaishia kwenye magazeti na kingine kwenye rangi mpya ya ukuta kila Desemba.

Kuna pia imani ambayo imewagharimu wamiliki wengi, nayo ni kwamba udongo mweusi unatibika kwa kushindiliwa. Kushindilia ni kuondoa hewa kati ya chembe ili udongo ubebe uzito bila kuzama, na Proctor alionyesha kwamba kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambapo kushindilia kunafanikiwa zaidi. Kwa muramu na changarawe, elimu hiyo ni dhahabu. Kwa mfinyanzi wa smektaiti inageuka: ukiushindilia ukiwa mkavu unapata tabaka gumu linalopendeza macho, lililojaa kiu, na mvua ikilifikia linavimba kuliko lingevimba kama lingeachwa. Dawa zinazofanya kazi ni za jasho. Uchimbe utoke wote, ujaze mawe na muramu kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kila moja ikimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya nyingine. Au uteremshe nguzo hadi mwamba na kuiinua sakafu isiguse udongo. Au uchanganye chokaa kwa kipimo cha maabara. Fundi anayemwaga mita nzima ya kifusi kwa mara moja na kupitisha mashine juu ameshindilia sentimita za juu tu. Sakafu itakuja kuinama miaka miwili baadaye, na atalaumiwa mfinyanzi ambao ulikwisha kuondolewa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nyumba ya mita za mraba 100 juu ya mfinyanzi wa mita moja na nusu inadai kuchimbwa mita za ujazo 150. Udongo ukichimbwa hufumuka, kwa hiyo lori la mita kumi litatoka karibu mara ishirini, kisha yaje malori ya mawe na muramu ya kujaza shimo lilelile, pamoja na vibarua, maji na mashine. Yote hayo kabla tofali la kwanza halijaonekana kutoka barabarani. Mwenye ploti ya ukubwa huohuo kwenye udongo mwekundu ulio imara anachimba mitaro ya kuta na kuendelea.

Watetezi wa soko watajibu kwamba ndiyo maana ploti ya mashariki ni nafuu: tofauti ya bei inamfidia mnunuzi kwa shida atakayoikuta chini. Jibu hilo lingetosha kama pande zote mbili zingejua kilichomo ardhini. Hati ya ardhi ya Kenya, tangu mfumo wa kusajili umiliki ulipoletwa na wakoloni, inaeleza mipaka, eneo na jina la mwenye nayo, na haisemi neno kuhusu kilichomo ndani ya mipaka hiyo. Mpima ardhi analipwa aweke vigingi kwenye pembe nne, si aangalie kati yao. Ramani za jiolojia za eneo la Nairobi zimechapishwa tangu enzi za ukoloni, lakini hazimo kwenye jalada la mauzo, na kampuni inayouza ploti mia kwenye mbuga moja haina sababu ya kuzitafuta. Muuzaji amewahi kuona lori likinasa hapo mwezi wa Aprili. Mnunuzi huletwa kwa basi la kampuni siku ya Jumamosi yenye jua, mara nyingi Januari au Agosti, wakati udongo mweusi umekauka ukawa mgumu kama sakafu. Shimo la mita mbili katikati ya ploti, kazi ya vibarua wawili wenye jembe na sururu kwa siku moja, lingempa habari ambayo hati haina, na kwa bei ndogo mno ukilinganisha na ile ya ploti. Ila shimo hilo huchimbwa baada ya malipo ya mwisho, na anayelichimba ni fundi aliyekuja kuanza msingi.